Kofia ya Uyoga wa Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa bisibisi wala koleo. Nilipewa kiti, kigurudumu cha waya wa shaba mwembamba kama unywele, kigogo kitupu cha kuuzungushia, na amri moja: hesabu. Muzee Paluku, shefu wa atelye, yaani mkuu wa karakana, alikaa mbele yangu akaanza kuniuliza habari za nyumbani. Mama anaendeleaje, viazi vya Musienene vimetoka namna gani mwaka huu, padri mpya anahubiri muda gani. Nilimjibu yote kwa heshima huku mkono unazungusha. Nilipofika mwisho wa waya akauliza ghafla, "Ngapi?"

"Mia nane na mbili, Muzee."

Akachukua kazi yangu akaifungua yote, akaihesabu upya mwenyewe, mzunguko kwa mzunguko, asubuhi nzima. Mimi nilikaa nikimwangalia, hasira inanipanda. Alipomaliza alisema, "Mia nane na mbili. Bon. Kesho kuya na chakula yako, hapa hapana kupika."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya flipa, mimi Kavira, binti wa wakulima wa viazi na maharage. Muzee alikuwa ameniona sokoni Butembo nikiuza sweta. Nilikuwa nafuma huku nabishana na mteja, bila kuangalia sindano, naye akasimama pale mpaka mteja akaondoka. "Unahesabu na nini?" aliniuliza. Nikamjibu kwamba nahesabu na kichwa, kwani yeye anahesabu na nini? Alicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akicheka, na nawaambia kweli, hazikufuata nyingi.

Nilisomeshwa na Masista, kwa hiyo naandika Kiswahili cha shule. Lakini watu wangu nitawaacha waseme vile walivyosema. Nikiwavalisha maneno ya kitabu hawatanitambua tena.

Ninyi vijana mnacheza kwa simu, flipa hamkuiona. Ni meza ya mbao yenye miguu minne, imeinama kidogo kumwelekea mchezaji, juu imefunikwa kioo. Unatia jetoni, kisarafu cha mchezo, unavuta fimbo yenye springi, gololi ya chuma inapanda mpaka juu kisha inateremka ikigonga huku na huku. Kazi yako ni kuizuia isianguke shimoni, kwa mabawa mawili unayoyapiga kwa vifungo vya ubavuni. Ukiitikisa meza kwa hasira, inazima yenyewe na mchezo wako umekwisha. Ndani yake, chini ya mbao, kuna bobine nyingi, yaani waya wa shaba uliozungushwa kwenye kigogo kidogo. Umeme ukipita, bobine inavuta chuma, na chuma kinarusha gololi. Na katikati ya meza kuna vitu vitatu vya mviringo vyenye taa ndani. Wazungu wa mashamba ya kahawa waliozileta mashine hizi waliviita shampinyo, sisi tukasema uyoga, maana ni uyoga kweli, shina fupi na kofia juu. Kofia hiyo ni ya plastiki nyekundu inayopitisha mwanga, na juu yake imechorwa nyota nyeupe.

Wazungu waliondoka, flipa zikabaki kwenye mabaa na mahoteli ya kwetu. Kutoka Lubero mpaka Beni mimi nilizifahamu saba. Kiwanda kilichozitengeneza kilikuwa ng'ambo ya dunia, na kilikuwa kimeacha kuzitengeneza kabla mimi sijazaliwa. Kwa hiyo kipande cha orijini, yaani kile kilichotoka na mashine kiwandani, kikifa hakipatikani tena mahali popote. Unatengeneza kingine kwa mikono yako au mashine inakuwa kabati la kuku.

Hapo ndipo Muzee Paluku alikuwa na sheria yake, na sheria hiyo ndiyo ilikuwa atelye yenyewe. Kipande cha orijini hakitupwi hata kama kimekufa. Kinatiwa karatasi yenye jina lake na kuwekwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, na kopo linafungwa tumboni mwa mashine, litembee nayo. Kipande ulichotengeneza wewe kinapakwa nukta moja ya rangi nyekundu ya kucha, mahali ambapo mchezaji haoni lakini mekanisiye, yaani fundi, ataona. Mwisho unaandika fiche, karatasi mbili zinazofanana, moja ya mwenye mashine na moja yetu. Kila kipande kina herufi yake: O ni orijini, M ni mkono. Muzee anatia sahihi chini. Mjini watu walisema "fiche ya Paluku" kama vile unavyosema kiapo.

Nilimuuliza mara moja kwa nini anajisumbua hivyo, na mchezaji mwenyewe anataka tu gololi iruke.

"Mashini iko na haki yake," alisema. "Kile iko yake, iko yake. Kile ulitengeneza weye, sema ni weye. Kuko mekanisiye atakuya nyuma yako, labda mi na weye tumekwisha kufa. Ule mutu usimudanganye."

Hata takataka za atelye alizichambua kwa mikono yake kila wiki, akitafuta vipande vya shaba. Nilimcheka kwa siri. Nilisema huyu mzee ni bahili mpaka kwenye majivu.

Mwaka wa tatu alinikopesha misioni, nikamsaidie Furere, bruda wa Kikatoliki aliyechunga jenereta. Furere alinifundisha kusafisha kontakti, ile midomo midogo ya chuma inayokutana ili umeme upite. Mimi nilikuwa naisugua kwa msasa. Alinishika mkono. "Kavira, unasafisha ao unalima?" Akanipa kipande cha karatasi ngumu, akanionyesha jinsi ya kukipitisha polepole katikati. Mpaka leo nikiona kijana anasugua kontakti kwa msasa, namnyang'anya. Nilirudi atelye baada ya mwaka na mkono mwepesi zaidi, na kichwa kikubwa zaidi, maana Furere alikuwa amenisifu mbele ya watu.

Vita ya kwanza ilipopita tulifunga wiki mbili tukafungua. Ya pili ilikuja ikakaa. Mjini kulikuwa na waasi, barabara zilikuwa na vizuizi, petroli ya jenereta ilitafutwa kama dawa. Lakini watu walicheza flipa. Jumapili baada ya Misa, na Waprotestanti baada ya ibada yao, walisimama mistari kungojea zamu. Nadhani walitaka kitu kimoja tu ambacho kikianguka shimoni unaweza kukianza tena.

Katika mashine zote saba, moja peke yake haikuwa na nukta nyekundu hata moja. Ilikuwa ya Mama Masika, mjane wa dereva wa malori, mwenye buveti, yaani baa ndogo, kule Beni, komine ya Ruwenzori. Kila skrubu, kila taa, kila mpira ulikuwa wa orijini, na kopo lake lilikuwa tupu. Muzee aliiita Bikira, kisha akamwomba Furere msamaha. Mama Masika, Mprotestanti mwenye mdomo, alifurahi sana. "Kumbe ninyi Bakatolike munaweza kufanya Bikira ya umeme pia!" Mume wake aliipata kwa mzungu aliyekuwa anaondoka, na alipokufa barabarani, mashine ile ndiyo iliyobaki mahali pake. Watoto wake wanne walisoma kwa ile flipa.

Aliileta Butembo kwa lori ili isafishwe. Siku hizo hizo Muzee Paluku akafiwa na kaka yake mkubwa kule Musienene. Aliniachia ufunguo. "Safisha, funga, lori inarudi Beni ku siku ya ine. Skrubu ya kofia, vidole mbili tu. Hapana kifundo ya mukono."

Sikuhitaji kuambiwa, nilikuwa nimefunga kofia mia. Nilisafisha siku moja na nusu. Nilikuwa nafunga uyoga wa tatu, ule wa juu karibu na kioo chenye picha, dereva wa lori akaanza kupiga honi nje akiuliza nitamaliza lini, na mimi nina hasira ya karibu tangu utoto. Nilimjibu vibaya kupitia dirishani, na mkono ukajibu pamoja na mdomo. Kifundo kilizunguka. Nikasikia *tak*.

Kofia ilikuwa imepasuka katikati ya nyota.

Mungu wangu, nilikaa chini. Ningeweza kufanya kile nilichofundishwa: kuweka ile iliyovunjika koponi, kutengeneza nyingine, kupaka nukta, kuandika M. Kazi ya siku mbili na aibu ya siku moja. Lakini ilikuwa Bikira. Miaka yote wazungu na wachezaji na malori hayakuivunja, nije niivunje mimi, Kavira aliyesifiwa na Furere? Hapana. Nilikataa katakata.

Nilikwenda kwenye lori lililokufa nyuma ya soko, nikanunua plastiki ya taa yake ya nyuma, ile nyekundu ya breki. Niliilainisha juu ya makaa, nikaikandamiza kwenye umbo la mbao nililolichonga, nikaikata, nikaisugua. Nyota niliichora kwa manyoya ya kuku. Ilipokauka ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa mpya, inang'aa kama kiatu cha Noeli. Nikaipaka chai nzito na majivu, nikaitundika siku nzima juu ya moshi wa jiko. Nilipoiweka kando ya zile mbili nyingine, mimi mwenyewe nilitafuta ipi ni ipi. Sitadanganya, nilijivuna. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kuliko kile.

Nukta nyekundu sikuipaka. Vipande vya kofia ya kweli nilivifunika chini ya takataka, chini kabisa, pamoja na majivu na maganda ya ndizi.

Muzee alirudi asubuhi ya siku ya nne, amechoka, bado ana kitambaa cha msiba mkononi. Lori lilikuwa linangojea. Aliwasha mashine, akacheza gololi moja, akanipa kalamu. "Andika weye. Mi macho imejaa vumbi." Nikaandika O kutoka juu mpaka chini. Alitia sahihi bila kusoma, kwa sababu ulikuwa mwandiko wangu.

Haukupita mwezi, wenye bunduki wakapita Beni. Walichukua magodoro, viti, mabati mengine, na wanne wao wakabeba flipa ya Mama Masika mabegani. Yeye na wanawe walikuwa porini. Tulipata habari kupitia wachuuzi wa samaki wa Kyavinyonge, ambao walifika kila mahali hata pale ambapo barabara ilifungwa. Mimi, nitasema kila kitu, nilihuzunika, na chini ya huzuni kulikuwa na kitu kingine kidogo kibaya: nilipumua. Sasa hakuna mekanisiye atakayekuja nyuma yangu.

Karibu miaka miwili ikapita. Siku moja Patron Kambale, mfanyabiashara mwenye buveti mpya karibu na soko, alituita tukasafishe flipa aliyoinunua. Tukafika, nikaiona mlangoni, nikaitambua. Kibati cha namba ya kiwanda kilikuwa kimeng'olewa, yamebaki matundu manne ya skrubu. Kopo tumboni halikuwepo. Muzee alifungua kioo, akainama, akaangalia juu ya meza muda mrefu sana.

"Hii ni Bikira," alisema.

"Muzee," Patron akajibu, "hii nilinunua kwa batu ba njia ya Bunia. Kulikuwaka na moja pacha yake kule, kila mutu anajua. Fanya kazi yako."

Muzee alifunga kioo. Hatukufanya kazi ile. Tulirudi atelye, na siku hiyo hiyo alituma neno Beni kwa wachuuzi wa samaki.

Mama Masika alikuja sehemu kwa lori, sehemu kwa miguu. Shefu wa kartye, yaani mkuu wa mtaa, aliita kesi siku ya Jumamosi asubuhi, uani kwake, na nusu ya soko ilikuja. Flipa ililetwa kwa mkokoteni ikawekwa katikati. Mama Masika alikuwa amekonda. Kandambili zake zilikuwa na udongo mwekundu mpaka kwenye visigino, na mkononi ameshika fiche yake ndani ya mfuko wa plastiki. Katika mambo yote ya kukimbia nayo, alikimbia na ile karatasi.

"Shefu," alisema, "mi nilipanguzaka hii mashini kila asubui. Bwana yangu aliachaka hii na batoto ine. Fiche ya Paluku iko hapa. Isomeni."

Shefu akaisoma. Patron Kambale hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na akili kali, na alisimama akasema hivi: "Bon. Fiche inasema nini? Vyote ni orijini. Hapana nukta nyekundu. Donc, na yangu? Fungueni. Na yangu yote ni orijini, hapana nukta. Mashini mbili zilitoka kiwanda moja, zinafanana sawa mapacha. Mama anipe alama moja tu yenye iko kwa yake na haiko kwa ingine. Moja tu, na abebe leo."

Mama Masika alichukua fiche yake kwa Shefu, akaipitia upya. Alama gani? Sifa yote ya mashine yake ilikuwa kwamba haina alama.

Shefu akamgeukia Muzee Paluku. "Muzee, weye ulisema ni ya mama. Unajua namna gani?"

"Ninaijua."

"Kuijua haitoshi. Tuonyeshe."

Muzee alikuwa amesimama kando ya ukuta na koti lake la kanisani, mkono wa kulia ndani ya mfuko. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mzee amezeeka. Shefu akarudia swali. Muzee akasema tu, "Shefu, tungojee kidogo." Hakuangalia flipa. Aliangalia majani ya ndizi ya jirani, kana kwamba amekuja kuyanunua.

Nilijua alama iko wapi. Ilikuwa mita mbili kutoka kwangu, inapendeza juani. Nilijua pia kwamba nikisema, ile fiche ni ya uongo, na sahihi iliyo chini si yangu, ni ya mtu ambaye hajawahi kudanganya hata mashine. Watu watauliza, na fiche nyingine je? Kazi yake yote ya maisha, mimi nitaimwaga hapa uani kama maji ya vyombo. Nikajiambia, nyamaza Kavira, Mungu atamsaidia mama huyu kwa njia nyingine. Kisha nikaona jinsi Mama Masika anavyoikunja ile karatasi, polepole, anairudisha kwenye plastiki yake. Nilishindwa.

"Shefu," nilisema. "Ile fiche ni ya uongo. Uongo ni yangu, hapana ya Muzee. Mi ndiye niliandika."

Shefu aliniita mbele ya flipa.

"Uyoga ya tatu, ile ya juu. Kofia yake hapana orijini. Mi nilivunja ya kweli, nikatengeneza hii na taa ya nyuma ya lori, nikaficha. Hapana mutu anajua. Fungueni. Chini yake, karibu na tundu ya skrubu, mutakuta mistari tatu ya ile taa, midogo, nilishindwa kuisugua. Kama haiko, munifunge mi."

Shefu alimwita karani wake. Muzee alimpa bisibisi kwa mkono wa kushoto. Karani alifungua, akaigeuza kofia juani, akaipeleka karibu na jicho, na kidole chake kikahesabu: moja, mbili, tatu.

Patron Kambale aliichukua, akaipapasa, akanitazama mimi, akaitazama tena. "Huyu dada hawezi kuona ndani ya plastiki," alisema. "Nilinunua mali ya mutu. Ikwende kwa mwenyewe." Nilimheshimu toka siku ile, na yeye akapoteza flipa mbele ya wateja wake wote bila kelele.

Mama Masika alikuja akanishika mashavu kwa mikono miwili, akawa analia na kucheka, akinishukuru kwa lugha yetu. "Wasingya kutsibu, mwanangu. Wasingya kutsibu! Kumbe Bikira yenu ilikuwa na siri!" Watu wakaangua kicheko, na mimi nikalia kweli, kwa aibu na kwa furaha, sijui ipi ilikuwa kubwa.

Muzee hakucheka. Tulirudi atelye. Kule alitoa kichupa cha rangi ya kucha akakiweka mbele yangu. "Enda Beni na ile mashini. Kamalize kazi yako." Nilikwenda. Nilipaka nukta, nikaandika fiche mpya yenye M moja, na safari hii nilitia sahihi yangu mwenyewe.

Nilivyoogopa ndivyo ilivyokuwa. Wenye mashine wote walirudi na karatasi zao. Muzee alizifungua zote upya, moja baada ya nyingine, kipande kwa kipande mbele ya wenyewe, na mimi nilibeba sanduku la vyombo nyuma yake. Ilichukua miezi. Hakukutwa uongo mwingine. Hakunikaripia hata siku moja, na hilo lilinikata kuliko makaripio. Kisha akanituma Kyavinyonge, nikatengeneze jenereta na mafriji ya wauza samaki. Nilikaa kule msimu mzima, nanuka tilapia mpaka kwenye nywele, nikidhani ndiyo adhabu, sitarudi tena. Halafu siku moja mchuuzi akaniletea karatasi ndogo kutoka kwake: "Bobine mbili zinakungoja. Kuya na chakula yako."

Nilifanya kazi naye mpaka mikono yake ilipoanza kutetemeka, na baadaye peke yangu. Alikufa kitandani kwake, mzee, watoto wamemzunguka, jambo ambalo si kila mtu wa rika lake alilipata kwetu. Baada ya matanga mke wake alinipa vyombo vyake na kopo moja la maziwa, limefungwa kwa gundi. "Alisema ni ya atelye." Nilidhani ni vipande vyake vya shaba, nikaliweka juu ya rafu. Lilikaa huko miaka.

Sasa macho yangu hayaoni tena waya mwembamba. Mwaka huu nilimwachia Kahindo atelye, fundi mzuri, ingawa bado nampigia kelele kwa ajili ya msasa. Flipa zimebaki mbili. Ya Mama Masika ni moja; yeye ameshakufa, binti yake anaipanguza. Kama mna swali ni nini nimejifunza, nitawaambia kwamba kutengeneza kitu kizuri si kazi ngumu. Mimi niliweza nikiwa mjinga. Kazi ngumu ni ile nukta.

Nilipokuwa nasafisha rafu ili nimwachie Kahindo nafasi, nikalifungua lile kopo. Hakukuwa na shaba. Kulikuwa na kitambaa, na ndani yake vipande viwili vya plastiki nyekundu, vimesafishwa majivu, nyota imepasuka katikati. Karatasi ilikuwa imefungwa kwa uzi, kama sheria inavyosema. Mwandiko wake:

"Kofia ya uyoga ya tatu, mashini ya Mama Masika. Orijini. Nimeiokota kwa takataka, mashini imekwisha kwenda. Kavira hajasema. Ninamungojea."

Nilikaa chini palepale kwenye sakafu. Alijua. Siku ile kwa Patron Kambale, aliitambua Bikira kwa kofia yangu. Karibu miaka miwili alitembea mjini na sahihi yake chini ya uongo, mtu yule, kwa ajili yangu, akiniuliza kila asubuhi habari za nyumbani. Kahindo alikuja mbio akidhani nimeanguka. Nikamwomba aigeuze karatasi, maana niliona kuna wino upande wa pili na mimi sikuweza tena kusoma kwa machozi. Akanisomea:

"Siku ya kesi ilikuwa ndani ya mufuko yangu. Haikuhitajika."